Surya Bonaly na samasoti yake ya Nagano: maswali mnayoniuliza kila mara

Kila nikiweka kwenye status ile klipu ya Surya Bonaly akipiga samasoti barafuni, Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, simu inajaa maswali, na ni yaleyale ya mwaka jana na juzi. Huyu dada ni nani, kwanini walimnyima medali, ni kweli aliwatukana majaji, na kile kiatu kinakaaje mguuni. Leo nimechemsha chai yangu nayajibu yote, ukiniuliza tena nakutumia hii hapa. Mi sio mtangazaji wa michezo, ni shabiki tu, mchezo huu niliupendea Dubai nilikokuwa nafanya kazi hotelini, zamu ya usiku, tivii ya mapokezi ilikuwa haizimwi na mimi ndo nilikuwa na rimoti.

Surya Bonaly ni nani hasa?

Mfaransa, kazaliwa Nice tarehe 15 Disemba 1973, mweusi tii kama mimi na wewe, na kwa miaka karibu kumi alikuwa mmoja wa wanawake wakali kuliko wote duniani kwenye kuteleza barafuni, ule mchezo wa gauni fupi na muziki, sio ule wa hoki. Bingwa wa Ufaransa mara 9 mfululizo, 1989 mpaka 1997. Bingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo, 1991 mpaka 1995. Bingwa wa dunia wa vijana 1991. Dunia ya wakubwa akapata fedha mara 3, 1993, 1994 na 1995, dhahabu hakupata hata moja. Olimpiki kaenda mara 3, akashika nafasi ya 5 Albertville 1992, ya 4 Lillehammer 1994, ya 10 Nagano 1998, na hajawahi kuvaa medali ya Olimpiki shingoni.

Sasa angalia ajabu yake, waliomshinda wengi watu wamewasahau majina, yeye aliyeshika namba 10 ndo anazunguka kwenye simu za watu Mbagala.

Si wanasema kazaliwa Réunion?

Hiyo ilikuwa stori ya magazeti. Surya alichukuliwa kulelewa akiwa mdogo na familia ya wazungu, mama Suzanne alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na baba anaitwa Georges, jina la kuzaliwa lilikuwa Claudine wao wakampa Surya, jua kwa Kisanskriti. Alipoanza kung'aa wakaona msichana mweusi wa Nice haitoshi, ikatungwa hadithi kwamba ametoka kisiwani, ufukweni, minazi, mambo ya mbali mbali huko. Binti kazaliwa mjini hospitali kama watu wengine lakini ilibidi atafutiwe kisiwa. Mi hii huwa naianza nayo nikimuelezea mtu, maana inakuonyesha mapema alivyokuwa anatazamwa kabla hata hajavaa viatu vya barafu.

Ile samasoti alijifunzia wapi?

Nchi kavu. Kabla ya barafu alikuwa jimnastiki, zile sarakasi za kwenye mkeka unakimbia unapiga samasoti nne tano mfululizo, na sio za kubahatisha, alikuwa anaiwakilisha Ufaransa. Barafuni alionekana na Didier Gailhaguet, kocha wa Ufaransa, akahamia Paris na mama yake. Kwahiyo Surya alikuja na miguu ya springi na mgongo wa mwanasarakasi, ambao wenzake walioanzia barafuni na miaka minne hawakuwa nao. Ndo nguvu yake, na ndo shida yake pia, nitafika huko.

Kwani huu mchezo unashindwaje? Mi naona wote wanacheza tu vizuri

Hili ndo swali namba moja, na bila kulielewa stori yote ya Surya utaisikia nusu.

Mashindano yana siku mbili. Siku ya kwanza programu fupi, dakika mbili na nusu hivi, unafanya vitu ulivyopangiwa. Siku ya pili programu ndefu, dakika nne, unapanga mwenyewe. Ndefu ina uzito mkubwa kuliko fupi.

Enzi za Surya walikaa majaji 9 pembeni ya uwanja, kila mmoja anatoa maksi mbili, ya ufundi na ya uonyeshaji, kila moja mwisho wake 6.0. Ila zile namba zenyewe hazikujumlishwa kama watu wanavyodhani. Kazi yake ilikuwa kupanga nani wa kwanza nani wa pili kwenye karatasi ya jaji mmojammoja, alafu anaangaliwa nani kapata wengi waliomweka juu. Yani ilikuwa kura. Na kura mtu anapiga na macho yake, na malezi yake, na picha aliyonayo kichwani ya binti mzuri wa barafuni anafananaje.

Siku hizi sivyo. Mwaka 2002 Olimpiki ya Salt Lake City kulitokea kashfa kwenye mashindano ya wawili wawili, jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa kura yake iende wapi, mambo yakalipuka, mwisho ikatolewa dhahabu ya pili na ule mfumo wa 6.0 ukazikwa. Jaji alifungiwa miaka mitatu pamoja na rais wa shirikisho lao la Ufaransa. Rais mwenyewe alikuwa nani? Didier Gailhaguet, yuleyule kocha wa zamani wa Surya. Dunia ndogo hii jamani.

Sasa kila mruko una bei yake, kompyuta inajumlisha, majaji wanaongeza au kupunguza kuanzia -5 mpaka +5 kulingana ulivyoufanya. Ubishi haujaisha ila angalau unajua umenyang'anywa wapi.

Hiyo miruko inatofautiana nini? Yote naona anazunguka tu

Iko sita: toe loop, Salchow, loop, flip, Lutz na Axel. Tatu zina majina ya watu walioianzisha, Salchow msweden, Lutz wa Austria, Axel Paulsen wa Norway ambaye aliruka wa kwake mwaka 1882 huko. Ukitaka kujua kwa haraka shika hii moja: Axel ndo pekee mtu anaruka akiwa anaangalia mbele. Mingine yote anaruka akirudi nyuma. Na kwasababu kutua ni kinyumenyume siku zote, basi Axel ina nusu mzunguko wa ziada, ya mara tatu kumbe ni mitatu na nusu. Ndo maana wanawake wachache sana wameiweza, Midori Ito wa Japani ndo wa kwanza kuitua kimataifa.

Kutua unatua mguu mmoja. Weka akilini hiyo, mguu MMOJA, tutaihitaji.

Je ni kweli Surya alijaribu mizunguko minne wakati wanaume wenyewe walikuwa wanaogopa?

Kweli kabisa, Albertville 1992, Olimpiki ya nyumbani kwao, akiwa na miaka 18, na ndo yeye huyohuyo aliyekula kiapo cha wanamichezo siku ya ufunguzi, tena gauni zake za kushindania zilichorwa na Christian Lacroix. Presha yote hiyo na bado akaweka toe loop ya mizunguko minne. Alitua kwa miguu yake ila mzunguko haukutimia akiwa hewani, ukaishilizia barafuni, kwahiyo haukuhesabika. Mwanamke wa kwanza kuandikiwa mizunguko minne halali ni Miki Ando wa Japani, 2002. Miaka kumi mbele. Sasa we jiulize alikuwa anawaza nini mtoto wa watu, angeweza kupanga programu salama aombe medali, yeye anaenda kutafuta kitu ambacho hakuna mwanamke aliyekuwa nacho.

Kama alikuwa mkali hivo kwanini hakuwahi kuchukua dunia?

Hapa huwa tunagombana. Wengine wanataka niseme ubaguzi tu, wengine wananiambia acha kulialia hakuwa mzuri kiufundi. Nitawaudhi wote.

Kwanza elewa bledi. Chuma cha chini ya kiatu kina unene kama milimita 4, lakini sio bapa kama kisu cha mkate, katikati kimechimbwa mfereji, kwahiyo kinabaki na makali mawili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji wa kweli anateleza juu ya kali moja, mwili umelala kama mwendesha pikipiki kwenye kona, na ukitega sikio husikii kitu, barafu inatoa sauti ndogo tu ya karatasi inayochanwa taratibu. Mwenye kasoro unamsikia anakwaruza. Surya alikuwa anakwaruza. Anasukuma kwa meno ya mbele ya bledi, anakimbia kuufuata mruko, anaruka juu kweli, anatua na mzunguko saa nyingine bado robo, anakimbia tena kuufuata mwingine. Kati ya mruko na mruko kulikuwa na utupu. Ukimweka pembeni ya Chen Lu wa China, aliyemshinda Birmingham 1995, mtu akateleza kama mafuta kwenye sufuria ya moto, tofauti hata mama yangu aliiona, na mama yangu huwa anaangalia taarabu tu.

Hiyo moja. Ya pili, wengine waliokuwa wanakwaruza walipewa muda. Waliambiwa "anakua". Surya yeye aliandikwa kila siku kwa maneno ya nguvu, misuli, mnyama wa mazoezi, hana ulaini, hana uzuri wa kibinti. Maneno hayo ukiyakusanya miaka kumi hayaelezi bledi tena, yanaelezea mwili. Na ile maksi ya pili, ya uonyeshaji, ilikuwa ni mlango mpana wa kupitisha chochote ambacho jaji hawezi kukisema kwa mdomo.

Kwahiyo jibu langu: kasoro zilikuwa za kweli, na adhabu ilizidi kasoro. Yote mawili, usinilazimishe kuchagua.

Chiba 1994 kilitokea nini? Kwanini alivua medali?

Haya kaa vizuri.

Machi 1994, Japani, mashindano ya dunia, mwezi mmoja baada ya Olimpiki ya Lillehammer. Olimpiki ile waliomtangulia walikuwa watatu, Oksana Baiul, Nancy Kerrigan na Chen Lu, na wote watatu Chiba hawakushindana. Mlango umeachwa wazi kabisa. Surya ana miaka 20, mwaka uliopita Prague alikuwa wa pili nyuma ya Baiul mtoto wa miaka 15, sasa ni zamu yake, kila mtu anajua, yeye anajua.

Aliyesimama mbele yake ni Yuka Sato, mjapani, uwanja wa nyumbani. Wote wakateleza vizuri. Majaji 9 wakagawanyika, watano Sato, wanne Surya. Kura moja tu.

Wakati wa kugawa medali Surya hakupanda jukwaani. Kasimama chini pembeni, uso umeiva machozi. Kiongozi mmoja akamshika akampandisha. Akavishwa medali ya fedha, na alipoachwa tu akaivua shingoni akaishika mkononi. Uwanja ukazomea. Waandishi walipomfuata alilia, anasema hana bahati.

Kama wewe umelelewa uswahilini unajua tulivyofundishwa, ukipewa kitu mbele za watu unapokea kwa mikono miwili, manung'uniko yako utayatolea chumbani. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkasirikia kidogo, nikasema dada pokea, utalia hotelini. Baadae nimeirudia mara nyingi na kinachoniuma ni kitu kidogo sana, yule anayempandisha anamsukuma kama mtoto anayekataa kwenda shule. Na binti ana miaka 20, bingwa wa Ulaya mara nne wakati huo.

Ila mniwie radhi, kura yangu mimi ningempa Sato. Ile miguu ya Sato ilikuwa haina sauti.

Je kocha wake alikuwa mama yake kweli?

Ndio, baada ya kuachana na Gailhaguet mwaka 1992 mama Suzanne akabeba kila kitu, kocha, meneja, msemaji. Wakubwa wa mchezo hawakumpenda hata kidogo. Wengine mpaka leo wanasema mama ndo alimkwamisha, angempeleka kwa kocha wa kumnyoosha miguu. Inawezekana. Mama mkali akisimama upande wa mwanae mashirikisho huwa yanamuita msumbufu.

Sasa Nagano, hebu ieleze ile samasoti taratibu

Nilikuwa naisubiri.

Kwanza historia fupi. 1976 Innsbruck mmarekani Terry Kubicka alipiga samasoti ya kurudi nyuma kwenye Olimpiki, akatua miguu miwili. Baada ya hapo ikapigwa marufuku. Sababu mbili zilizokuwa zinatajwa, ni hatari, mtu anaweza kuvunja shingo, na pili haiendani na mchezo kwasababu mruko halali unatua mguu mmoja na hii inatua miwili. Kwenye maonyesho ya burudani watu waliendelea kuipiga, mashindanoni hapana. Surya alishawahi kuipiga kwenye mazoezi ya Albertville, karibu na alipokuwa Midori Ito, kelele zikawa nyingi kwamba anawatisha wenzake.

Tuje Februari 1998. Surya ana miaka 24, na kwenye mchezo huu kwa wanawake hiyo tayari unaitwa mama. Mwaka 1996 alichanika kano ya kisigino, ile ya Achilles, na mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye kuruka, kisigino ndo mtaji. Karudi lakini sio yule. Baada ya programu fupi yuko wa 6. Ujana wote uko mbele yake, Tara Lipinski ana miaka 15, Michelle Kwan 17.

Programu ndefu, muziki wa Vivaldi, gauni la bluu. Mguu unauma, anaanguka kwenye mruko mmoja, medali imeshaondoka na anajua. Hii ndo mara yake ya mwisho mbele ya majaji wa Olimpiki.

Sasa angalia. Anateleza kinyumenyume, mwendo wa kawaida, wala haonekani kujiandaa. Anakunja magoti, mikono inarushwa juu, mwili unapinduka kwa nyuma, na hewani miguu haijabanwa pamoja, imepanuliwa, mmoja huku mmoja kule kama mkasi uliofunguliwa. Kichwa kinapita juu ya barafu, chini hakuna mkeka, ni barafu tupu ngumu kama sakafu ya saruji. Alafu unashuka mguu mmoja. Bledi moja, milimita 4. Ule wa pili uko nyuma umenyooka, anaendelea kuteleza kama vile hajafanya kitu, muziki unaendelea, na uwanja unapiga kelele ambazo hata kwenye tivii unasikia zimechelewa nusu sekunde, maana watu walikuwa bado wanajiuliza wameona nini.

Umeshaelewa alichofanya? Mmesema ni haramu kwasababu inatua miguu miwili. Haya, nimetua mmoja. Sababu yenu moja nimeitoa, mtasemaje? Majaji walisema kwa kalamu, wakakata maksi. Akamaliza wa 10.

Na kwa miaka mingi, kwenye Olimpiki aliyeitua kwa mguu mmoja nilimjua huyo tu.

Kwahiyo bila samasoti angepata medali?

Hapana jamani. Alikuwa wa 6 na ameanguka. Hii stori ya "alinyimwa dhahabu kwasababu ya samasoti" inazunguka sana na sio kweli. Alijua hapati kitu ndo akaipiga.

Siku hizi imeruhusiwa?

Ndio, Juni 2024 shirikisho la dunia, ISU, liliondoa marufuku. Kabla ya hapo mfaransa mwingine, Adam Siao Him Fa, alikuwa ameshaanza kuipiga mashindanoni msimu wa 2023/24 na kukatwa pointi 2 kila mara, yani analipa faini kwa hiari yake kama mtu wa bodaboda anayejua askari yuko wapi na bado anapita. Miaka 26 toka Nagano. Waliomuita Surya hana adabu saa hizi wanaiita burudani.

Mtelezaji anaanza na miaka mingapi na anaisha lini?

Wengi 4 mpaka 6. Asubuhi kabla ya shule uwanjani, jioni tena, katikati baleti na mazoezi ya nchi kavu. Kilele kwa wanawake kilikuwa kimeshuka mpaka 15, 16, mwili ukiwa bado mwepesi unazunguka haraka, kisha nyonga na magoti vinalipa deni. Baada ya lile sakata la dawa zilizokatazwa la binti wa Urusi wa miaka 15 kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, umri wa chini wa mashindano ya wakubwa umepandishwa kidogokidogo kutoka 15 mpaka 17. Mi naona walichelewa.

Kuna hela?

Ya kutoka ipo nyingi, ya kuingia kidogo. Kiatu unanunua peke yake, bledi unanunua peke yake, unalipia saa za barafu, kocha, mtunga densi, gauni, safari. Familia zimeuza nyumba. Enzi za Surya hela ilikuwa kwenye maonyesho ya kuzunguka, na ukishaenda huko unaitwa wa kulipwa, mashindano basi. Yeye alifanya hivo baada ya Nagano, akahamia Marekani akazunguka na Champions on Ice miaka na miaka, na watu walikuwa wanakata tiketi wakisubiri kitu kimoja tu, mnakijua. Ile iliyomkatia maksi ndo ikamlipia kodi ya nyumba.

Weusi wengine wapo?

Wapo na walikuwepo kabla yake. Mabel Fairbanks mmarekani miaka ya 1930 alikataliwa kwenye klabu sababu ya rangi, akaishia kufundisha wengine. Debi Thomas alikuwa bingwa wa dunia 1986 na shaba ya Olimpiki Calgary 1988, huyo ndo mweusi wa kwanza kupata medali Olimpiki ya baridi. Baada ya Surya, Ufaransa kuna Maé-Bérénice Méité, na Vanessa James aliyechukua ubingwa wa Ulaya wa wawili wawili 2019 na Morgan Ciprès.

Na Nagano hiyohiyo ya 1998, wakati Surya anajiandaa, ndugu yetu Philip Boit wa Kenya alikuwa huko milimani kwenye kilomita 10 za ski, akafika wa mwisho kabisa, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda akagoma kuondoka mpaka amsubiri amkumbatie. Olimpiki moja hiyo.

Mtu wa huku anaweza kujifunza?

Barafu ndo shida. Nairobi palijengwa uwanja Panari, barabara ya Mombasa, mdogo kuliko wa mashindano ambao unatakiwa mita 60 kwa 30, na hapo ndo ilipokulia timu yao ya hoki, Ice Lions. Walioko Ghuba wana bahati zaidi, kule uwanja uko ndani ya duka.

Mi nilijaribu huko siku yangu ya ofu. Viatu vya kukodi, vya bluu, vigumu kama ndoo, na vimevaliwa na dunia nzima. Nimeshika ukuta mzunguko mzima, rafiki yangu wa Mombasa ananiambia "dadangu kunja magoti, usiangalie chini", nikaangalia chini, nikakaa. Barafu haikuumizi kama unavyodhani, inakulowesha. Nimekaa pale natafuta pa kushika, kitoto cha kike cha miaka sita hivi kikanipita kinyumenyume kinacheka. Usiku ule niliiangalia upya klipu ya Nagano na nikaiangalia tofauti kabisa, maana sasa najua kusimama tu ni kazi.

Surya yuko wapi sasa?

Marekani, alipata uraia 2004, kaishi sana Las Vegas, anafundisha watoto kuteleza.

Nianze kuangalia nini?

Anza na Chiba 1994, programu ya Sato kwanza alafu ya Surya, upige kura yako kabla hujasikia za watu. Kisha Nagano programu ndefu nzima, sio zile klipu za sekunde 10 zinazokatwa pale anapotua. Subiri amalize. Muziki ukiisha angalia anainamia upande gani, na majaji wamekaa upande gani.